Mnyoo Uliotembea Jichoni Mwangu

Asalaam aleikum, ndugu zangu! Leo nawaona nyote kwa macho mawili, na sifa zote ni zake Mola!

Mwaka 2017, nikiwa na miaka hamsini na minane, jicho langu la kushoto lilianza kuwasha. Mimi ni mtu wa kijiji cha Mkange. Shule niliishia darasa la tatu, lakini pori nimelifyeka kwa mikono hii, sikurithi hata mpini wa jembe. Nguruwe walikuwa wakinimalizia mihogo, nikajenga dungu la kulindia shambani, nikawa nalala juu, mbwa wangu wawili wako chini. Mbu walituuma sote. Chandarua nilisema ni cha watoto wachanga.

Jicho likavimba, likapoa, likavimba tena. Kisha nikahisi kitu kinatembea. Ndugu zangu, kinatembea! Mke wangu, Mama Shabani, alikiona kinapita kwenye weupe wa jicho, akatupa mwiko. Jirani yangu Kondo alicheka mpaka akakaa chini.

"Si unalala na mbwa? Jini lao limekuhamia!"

Nikaogopa kweli. Kipofu atalinda shamba gani? Nikaenda kwa mganga. Akanilaza chali, akaleta utomvu wa mnyaa, ule mweupe unaobabua ngozi, aniwekee jichoni jini litoke. Mama Shabani akamdaka mkono.

"Babu, anza na jicho lako, tuone!"

Mganga hakuanza. Hapo ndipo Mungu aliponiokoa, kwa mkono wa mke mkali!

Tukaenda hospitali Bagamoyo. Daktari alikuwa binti mdogo, akaniamkia vizuri, kisha akauliza, "Babu, unafuga mbwa?" Nikamjibu nimeleta jicho, sikuleta mbwa. Akacheka, akanieleza: huu ni mnyoo wa mbwa. Mbu anamuuma mbwa, anabeba vitoto vya mnyoo, anakuja kukuuma wewe. Akanitia dawa ya ganzi, akachana kidogo, akavuta. Ukatoka mzima, mwembamba kama uzi wa kushonea, unajinyonganyonga! Nilipiga takbira mpaka waliokuwa nje wakafungua mlango.

Furaha niliyorudi nayo siwezi kuieleza. Kondo aliniomba nimwelekeze kwa bwana mifugo aliyewapa mbwa wangu dawa ya minyoo. Kumbe naye Kondo anafuga mbwa!

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu, naye atawapitisha mlango wa hospitali. Jicho likiwasha, msitie utomvu, msitie mate, msitie mkojo. Nendeni! Na laleni ndani ya chandarua, hata dunguni.

Leo ninayo haya: shamba la mihogo na ufuta, nyumba ya bati, mbwa wawili wenye afya, chandarua cha nyumbani, chandarua cha dunguni, mke yuleyule, na macho yangu yote mawili.