Mashine Niliyoifungua Madhabahuni

Nimesimama kushuhudia hapa kanisani kwa tahadhari, maana mara ya mwisho kusimama mbele yenu hivi, nilijiponza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnakumbuka biashara ya viazi ilipofunguka, wanunuzi wa mbali wakaanza kupanda Isongole na malori yao? Walitaka viazi vilivyochambuliwa, vikubwa peke yake, vidogo peke yake. Mimi, fundi wa kuchomelea pale Makandana, nikaunda mashine ya kuchambua, ya kuzungusha kwa mkono. Sikukuu ya mavuno hapa kanisani, wenzangu wakaleta sadaka ya mikungu ya ndizi, mimi nikaleta mashine. Jamani, ningeishia hapo! Nilishika spana nikaifungua mbele ya madhabahu, nati moja moja, huku naeleza. Mkapiga vigelegele, kichwa kikavimba. Mwaka uliofuata nikarudia. Na uliofuata tena.

Fundi mmoja, simtaji, akaiunda vilevile akauza bei ya chini. Nikapanda basi hadi Dar kuomba hataza, ile hati ya kumlinda aliyebuni kitu. Dada wa ofisini akaniuliza, "Baba, kuna watu wameshaiona?"

Nikajibu kwa fahari, "Kanisa zima!"

Akaweka kalamu chini. "Basi si kitu kipya tena, baba. Siku nyingine leta ombi kwanza, ndipo uonyeshe. Na ujiulize mapema: utaiunda mwenyewe, au utawaruhusu wengine waiunde wakulipe?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilirudi na hasira. Nilifunga karakana, nikaacha hata kuja hapa. Kila aliyenisalimia nilimwona mwizi.

Aliyeniamsha ni mama mmoja wa Isongole. Alimwaga kikapu cha viazi mlangoni kwangu. "Fundi, angalia! Mashine yenu inachubua, mnunuzi amevikataa." Nikataka kumfokea kwamba ile si yangu. Lakini michubuko ile naijua: ni kosa langu mimi, na mwenzangu alilinakili pamoja na vingine vyote! Nikacheka mpaka mama akaniuliza kama mimi ni mzima.

Nikabuni namna ya kuzuia michubuko. Sasa nijaribie wapi bila kuonwa? Nikawaita kina mama tisa wa kikundi cha viazi, nikawaambia ukweli: likitoka neno, nimekwisha. Wakaijaribu msimu mzima ndani ya ghala. Na mnawajua hawa! Maharage yakiungua Isongole, Tukuyu wanajua kabla ya chakula. Lakini hili halikutoka. Waume zao wako hapa, waulizeni.

Kina mama, ndaga fijo, asanteni sana. Mlinilinda nikiwa sina hati wala risiti. Sasa ombi limepokelewa, na mafundi wawili wamekubali kuiunda kwa ruhusa yangu. Mmoja wao ni yuleyule nisiyemtaja. Tumeshikana mikono, na moyo wangu umepoa.

Mwenye wazo jipya asiwafiche watu wote, wala asiwatangazie wote. Achague wachache wa kuaminika, apeleke ombi, ndipo aje tumshangilie.

Ile pale mlangoni, iliyofunikwa kitenge. Mama yangu wa kikapu, njoo uifunue wewe. Spana ninayo mfukoni.