Nilivyolilia Neno "Hasi"

Ndugu zangu wa tezi dume, wazima na wenye kuugulia, nimekaribishwa niseme, nami nikipewa nafasi husema mpaka viti vichoke.

Saratani yangu ilipogunduliwa, nilianzishiwa vidonge vya kuzuia homoni ya kiume. Mwaka wa kwanza joto lilinipanda, kifuani ungechoma chapati. Mwaka wa tatu, nikioga, nikashtuka: korodani zimesinyaa zikawa kunde mbili! Haya, kunde nimetia chumvi. Tuseme kungu za mkungu.

Nikaanza kumkwepa mke wangu. Nikilala na suruali, Mombasa hii, Januari!

"Bwanangu, waogopa kuibiwa?" akaniuliza.

Nikacheka. Moyoni, ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nikimuaga.

Ndipo tukaenda kuchukua majibu ya kipimo cha mifupa. Yeye akangoja nje. Muuguzi akaniambia, "Mzee wangu, ni hasi."

Hasi! Mimi na elimu yangu ya ngumbaru, bingwa wa Kiswahili kutoka Makupa hadi Kilindini, kichwani alinijia beberu aliyehasiwa tu. Nikatoka nikilia. "Mke wangu, nimehasiwa. Vidonge naviacha leo. Na ukitaka talaka, sitakuzuia."

Akanishika mkono, akaniburura hadi kwa daktari.

"Mzee, hukuhasiwa," daktari akasema. "Hasi ni kwamba saratani haikuingia mifupani."

"Na hizi kunde je?"

Hakucheka, Mungu amlipe. "Dawa imeuziba mwili masikio, hausikii homoni ikiita. Vijifereji vinavyotengeneza mbegu vimekosa kazi, vimenywea. Dawa ikikoma huenda vikaamka, huenda visiamke, sikuahidi. Lakini saratani nayo yakosa chakula."

Mke wangu akanigeukia. "Kumbe ndilo lililokuvisha suruali?"

"Ndilo."

"Ewe mume! Watoto tumezaa, wajukuu watuvunjia vikombe. Mbegu wataka ukapande wapi? Mimi nakutaka wewe, na porojo zako. Meza dawa."

Nikameza palepale, bila maji.

Namshukuru muuguzi, daktari, nanyi mlionisikiliza bila kunikatiza, jambo gumu kuliko upasuaji. Ndugu zangu, mkienda kwa daktari nendeni na wake zenu, na neno msilolielewa liulizeni hapohapo. Korodani zangu hazijarudi. Mke wangu hakuondoka. Yule pale nyuma, anacheka na kufuta machozi kwa leso.