Ngazi ya Ernesti Haikutoka Stoo

Mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, shikamooni, na ninyi majirani mliolala nasi kwenye mikeka tangu Jumapili, mimi ni Asheri, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee alivyoishi kaka yetu, pamoja na jambo moja ambalo mjane wake, Devota, ameomba mwenyewe lisifichwe.

Ernesti Semboja alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Amani, baba yetu akiwa mchuma chai, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1987 hadi 1993, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kushika chake, hata penseli aliifunga uzi akaivaa shingoni, tukamcheka sana. Mwaka 1997 alishuka Tanga mjini akajifunza kupaka rangi, na alipoiva kazini akajitengenezea ngazi ya mbao za mtiki, kila kipandio akakitia kwa mkono wake, na kuanzia hapo mguu wake haukukanyaga ngazi ya mtu, wala mtu hakukanyaga yake. Mimi, ndugu wa tumbo moja, niliiomba nizibe bati linalovuja, nikanyimwa mchana kweupe.

Alifunga ndoa takatifu na Devota tarehe 2 Septemba 2006 usharikani Muheza, wakajaliwa watoto wawili, Precious na Kristofa, wakaishi kama kidole na pete, isipokuwa kwa hiyo ngazi. Kila Jumamosi Ernesti aliilaza uani, akaifuta vumbi, akaipaka mafuta ya nazi, yaleyale aliyojinunulia Devota kwa nywele zake, na Devota akiketi kizingitini akimtazama, akiwaza kwamba tangu harusi hajapata kupakwa mafuta hata kisigino. Mtasema mwanamke gani huyu anayezionea wivu mbao, lakini hamjaishi nazo nyumba moja.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2025 Ernesti alipata kibarua cha kupaka rangi ghorofa moja kule Raskazone, na haikupita muda maneno yakamfikia Devota, kwamba ngazi ile isiyoazimwa imeonekana kwenye paa la kibanda cha Nasra, mama lishe anayepika mbele ya geti la kazi, na imeshinda hapo kutwa. Devota hakuuliza paa lina nini, aliuliza Nasra ana umri gani. Ernesti akajitetea kwamba mvua ilikuwa inaingia kwenye sufuria wanalokula mafundi wote, naye akajibiwa kwamba hata hapa nyumbani kuna sufuria, tena la ndoa, na paa lake linavuja tangu masika ya mwaka juzi. Hapo Devota akanuna, na akinuna, ninyi majirani mnamjua.

Jumanne, tarehe 11 Februari, kabla mumewe hajaamka, aliiburuta ngazi akaiingiza stoo, akapiga kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akapanda gari kwenda kwa mama yake Muheza, akitaka Ernesti naye aonje siku moja ya kukosa akipendacho. Ernesti akaenda kazini mikono mitupu, akapewa ngazi ya palepale, ya mabanzi yaliyogongomelewa ovyo, na saa nne asubuhi, akiwa juu na ndoo ya rangi mkononi, kipandio kikang'oka, akaangukia kichwa. Alilazwa hospitali hapa mjini, hakupata tena kusema neno la kueleweka, akafariki dunia alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Machi.

Mkandarasi wa ghorofa ile alituletea salamu kwamba Ernesti hakuangukia kwake, kwamba alitoroka kazi akaenda kupaka nyumba ya mtu, na kwamba alianguka kutoka kwenye ngazi yake mwenyewe, kwa kuwa Tanga nzima inajua Ernesti hapandi ngazi ya mwenzake. Sisi wenyewe tuliamini, maana kaka tulimjua. Mafundi walipoulizwa waliinamisha vichwa, na Devota, aliyejua vema ngazi iko wapi, alinyamaza, kwa sababu kusema ukweli kulikuwa ni kutupa sisi mashemeji na mawifi neno la kumsimanga hadi uzeeni, kwamba wivu wake umemuua mumewe.

Jumatatu, matanga yakiendelea, Nasra aliingia na chungu cha wali, akakaa karibu na mjane, akasema Ernesti alianguka mbele ya macho yake na yuko tayari kulisema hilo popote, ingawa tayari ameambiwa ahamishe kibanda. Devota, badala ya kushukuru, alimuuliza kwanza kwa nini yeye aliazimwa ngazi. Nasra akajibu kwamba wengine waliiomba kwa kejeli, yeye alivua ndala kabla ya kuigusa. Devota alilia sana, kisha akafungua pindo la kanga, akamkabidhi mwenyekiti wa mtaa ufunguo, na stoo ikafunguliwa mbele yetu sote, ngazi ikiwa imelala ndani, nzima, bila kukosa kipandio hata kimoja.

Jana afisa kazi alimweleza Devota kwamba kibarua naye ni mfanyakazi, awe na mkataba wa maandishi au asiwe nao, kwamba akiumia au kufa kwa ajali ya kazini wategemezi wake wana haki ya fidia, na kwamba kutoa ngazi salama ni wajibu wa mwenye kazi, si wa mke aliyenuna. Njia ya mwongo ni fupi, na hii imeishia mlangoni pa stoo yetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa dini zote, na mafundi wenzake mliobeba jeneza, tena tutawashukuru zaidi siku mtakapokumbuka mlichokiona. Tunamshukuru Nasra, aliyeketi pale nyuma, ambaye Devota bado anamtazama kwa jicho la pembeni, lakini Ijumaa wataongozana kwenda kuandikisha maelezo.

Ngazi ile pale, imeegemea ukuta, inang'aa, asubuhi ya leo Devota ameipaka mafuta ya nywele zake mpaka chupa ikaisha. Pumzika kwa amani, kaka yetu, hatutamwazima mtu ngazi yako, inakwenda kukutolea ushahidi.