Bwana Mawingu na Mstari Mweupe wa Mkondoni

Ndugu waombolezaji, majirani, nanyi wageni mliovuka kwa kivuko asubuhi hii, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kama Bwana Mawingu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya boti, mtoto wa kwanza wa baba fundi injini na mama mshonaji, alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980 akiwa na alama nzuri za jiografia na nyingine ambazo mama alizikunjia uso, kisha akasomea upimaji ramani.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa bahari, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, ambako feni ilipiga kelele kuliko upepo, na kazi yake ilikuwa kusoma picha za bahari zinazopigwa na satelaiti, akilinganisha ya leo na ya jana, akifuata tope na povu vilikohamia ili ajue maji ya juu yanakwenda wapi, kwa kasi gani, na wapi yanajizungusha kama maziwa yakikorogwa kwenye chai. Miaka ya mwanzo mawingu yalimfunikia picha, akirudi nyumbani amenuna, na jina likamganda, hata zilipokuja picha za rada zinazopenya mawingu likakataa kubanduka.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1987 na dada wa nahodha wa kivuko chetu, na nahodha huyo ndiye shemeji yetu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja, na kila tulipokutana mashemeji hawa wawili, marehemu na nahodha, walitaniana mpaka chakula kikapoa, mmoja akisema bahari haijulikani kwa kukaa kwenye kiti, mwenzake akijibu kwamba kutoka kwenye usukani mtu huona wimbi la mbele tu.

Utani uliisha mwaka 2019, marehemu alipoona katika picha za rada mstari mweupe ukikatiza mkondo mliouvuka leo, mahali maji ya mto uliofurika yanapogongana na maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, na pembeni yake bahari inajizungusha. Mwaka 2021 boti ya mizigo ilipinduka palepale, tukasema ilizidishiwa mzigo, naye akapeleka picha zake bandarini, wakamshukuru, wakamnywesha chai, na shemeji akasema amepita pale maisha yake yote, ni maji tu yanachezacheza.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024, akalazwa mara tatu, na siku chache kabla hajafa alimwomba binti yake mkubwa amfungulie picha mpya, akaitazama, akasema kwamba akifa wiki hii mtu yeyote asivuke maji kuja kumzika. Alifariki Jumanne tarehe 23 Aprili. Ujumbe wake tuliwafikishia, lakini barabara imekatwa na mvua, nanyi hamkutaka azikwe bila ninyi, mkavuka, na kwa kuwa bahari ilikuwa tulivu wengine mmenong'ona kwamba marehemu aliwatisha bure.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuazima magodoro tangu jana, na wafanyakazi wenzake wa kituoni, ambao wamekuja na picha ya leo, iko hapa mkononi mwa binti yake, na mstari upo, mrefu kuliko yote aliyowahi kuiona marehemu, umelala katikati ya njia ya kivuko. Tunaogopa, na hatuoni aibu kusema hivyo.

Shemeji, tunajua umetangaza kuondoka saa kumi. Hatukuvunjii heshima mbele ya abiria wako, ila ulipovua koti nyumbani utusaidie kupanga viti, dada yako alichukua ufunguo wa kivuko mfukoni mwa koti hilo, akaulaza kifuani mwa mumewe kabla jeneza halijafungwa, kwa hiyo wageni wote mtalala kwetu.

Kaka, pumzika kwa amani, na huo ufunguo ushike vizuri.