Chupa Tatu Zilizobaki: Maisha ya Marehemu Odette Riziki Wilondja, 1961–2003

Jumanne, tarehe 16 Oktoba 2001, saa tatu asubuhi, katika banda la kanisa letu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, watoto kumi na mmoja walichomwa sindano ya surua kutoka katika chupa tatu zilizopaswa kumwagwa siku iliyotangulia, na tangu saa ile dada yetu Odette alibeba jina baya ambalo halikuwa lake, akalibeba mpaka alipokata roho. Familia imemtuma mdogo wake, Shemasi Patient Wilondja, aisome historia hii kabla jeneza halijashuka, naye amejiandika humu kwa jina lake, kama anavyoandikwa mtu mwingine, ili asipate pa kujificha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kijijini Mboko, eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Wilondja, mkulima wa mihogo, na mama Maombi, wote wawili wamekwisha kututangulia. Alisoma shule ya msingi palepale Mboko kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaenda sekondari Baraka, kisha shule ya wauguzi Uvira, ambako alipata diploma ya uuguzi ya daraja la A2 tarehe 2 Julai 1982, na waliosoma naye wanasema alikuwa mwanafunzi wa kuuliza kwa nini, kwa nini, mpaka mwalimu anafunga daftari.

Mwaka huohuo alianza kazi ya chanjo katika kituo cha afya huko Uvira, akakabidhiwa frigo, yaani jokofu, ya mafuta ya taa, akaitunza miaka kumi na minne, kila asubuhi na kila jioni akisoma kipimajoto na kuandika, wala hakukubali mtu aweke humo hata chupa moja ya soda. Jumamosi, tarehe 20 Julai 1985, alifunga ndoa na Honoré Mmunga, fundi seremala, ambaye alizoea kuwachekesha wageni akisema, "Mi nilioa bibi moya, frigo ikakuya nyuma yake." Mungu aliwajalia watoto watatu, Gabriella mwaka 1986, Ezechiel mwaka 1989 na Elodie mwaka 1993, na wazazi wetu walipofariki mwaka 1988 alimchukua pia Patient, kitinda mimba wa mama yake, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akamlisha, akamsomesha, akamtafutia cherehani.

Vita vilipofika Uvira mwezi wa Oktoba 1996, marehemu alivuka ziwa mpaka Kigoma pamoja na watu wake, na katika vitu vyote vya nyumba alichofunga ndani ya kitenge ni kipimajoto cha frigo, akisema wenye bunduki hawatakuwa na kazi nacho. Waliishi kwa kuhamahama zaidi ya miaka miwili, wakala majani ambayo hawakuyajua majina, wakaingia Dzaleka tarehe 11 Februari 1999.

Surua ilipolipuka kambini mwezi wa Septemba 2001, marehemu aliombwa aongoze kituo kidogo cha chanjo katika banda la kanisa, naye akamchagua Patient awe msaidizi wake, akamfundisha kuandika kadi, kuchanganya dawa ya unga na maji yake, na kuchoma sindano. Alimfundisha pia masharti ya kazi ile, kwamba joto ndani ya sanduku la barafu lisishuke chini ya nyuzi mbili wala lisipite nane, kwamba chupa ikishachanganywa iandikwe saa, na kwamba baada ya muda wa saa sita tangu ichanganywe, au kazi ikiisha kabla ya hapo, kilichobaki kimwagwe, hata kama kimebaki kingi, na anayetia sahihi katika daftari ndiye atakayeulizwa. Akina mama waliokuwa mwisho wa foleni walilia, wakimwita yaya, yaani dada mkubwa, "Yaya Odette, unamwanga dawa na batoto beko hapa?" naye aliwajibu kwa upole, "Kesho itakuya ingine, mama," akaendelea kumwaga.

Jambo hilo lilimchoma Patient kama dhambi. Mtu aliyekula majani njiani haoni chakula kikitupwa akanyamaza, na Jumapili ya tarehe 14 Oktoba alikuwa amesimama mbele ya kanisa hili akahubiri juu ya vikapu kumi na viwili vya mikate iliyosalia, akashangiliwa. Kesho yake alasiri, marehemu alipomwambia amwage chupa tatu zilizobaki, alizizungushia kitambaa na kuziweka chini ya barafu, akarudi akasema, "Nimemwanga, yaya," na dada yake, ambaye hakumjua kuwa mwongo, akatia sahihi katika daftari kwamba zimemwagwa.

Jumanne hiyo marehemu aliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Lilongwe kuchukua chanjo mpya, kwa maana ya kambini ilikuwa imekwisha, akaagiza kina mama wamsubiri. Minibasi ilikawia Old Town, kulekule Lilongwe, kungoja abiria, jua likapanda, barafu ya sanduku ikawa maji, na foleni ikazunguka banda. Mbele kabisa alikuwa Sifa, mke wa Amissi, Waislamu wa Kindu wanaouza sabuni na chumvi pale sokoni, amembeba binti yao Maimouna wa miezi kumi na minne, naye alimtania Patient kwa sauti hata foleni nzima ikacheka, akisema, "Shemasi, mi niko hapa tangu saa kumi na moya, ao sindano yenu inachoma Bakristo peke?" Patient akacheka naye, akafungua sanduku, akatoa zile chupa tatu, akaomba kimoyomoyo, akachoma. Mtoto wa kwanza alikuwa Maimouna.

Marehemu alirudi saa saba mchana, ameketi nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na sanduku jipya mapajani, akakuta chupa tupu mezani zenye mwandiko wake mwenyewe, Jumatatu, saa tatu. Hakupiga kelele, aliuliza tu ni watoto gani, akachukua kadi, akawafuata nyumba kwa nyumba, akawakuta wameanza kutapika na kuwaka homa, na wote kumi na mmoja wakapelekwa kulazwa. Maimouna alifariki Jumatano, tarehe 17 Oktoba, saa tatu asubuhi, na Alhamisi akafariki Jean-Pierre, mtoto wa mwaka mmoja wa jirani yetu Nibigira. Tisa walipona.

Ijumaa, wakubwa wa afya walipokuja kuuliza, marehemu alisimama akasema, "Chupa nilifungua mi, sahihi njo yangu." Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuongeza neno. Patient alikuwa mlangoni, akatazama viatu vyake. Nyumbani, alipoanza kulia kwamba atakwenda kusema, dada yake alimkataza, kwa kuwa mke wake Esperance alikuwa na mimba ya miezi minane, na kwa jambo jingine alilolitamka polepole, "Nilikuambia umwange, sikukuambia juu ya nini. Ile dawa ikishachanganywa haina kitu ya kujilinda, uchafu unaingia, unaota mule, macho haione. Mi mwenye niliuliza bawalimu kwa nini, we sikukupa kwa nini yako." Patient alikubali kunyamaza, na aibu yenyewe ni hii, kwamba alikubali upesi.

Tarehe 31 Oktoba 2001 marehemu aliondolewa kazini. Watu walimwita Mama Sumu, wanawake waliwafunika watoto nyuso alipopita kisimani, na yeye aliyechanja maelfu akawa anauza usipa mkavu katika soko la Kawale, Lilongwe, akipanda minibasi alfajiri na kurudi jioni ananuka samaki. Kila Jumapili aliketi benchi la mwisho, peke yake na Honoré, huku Patient akisimama mbele akisoma matangazo, akiombewa baraka, akiitwa mtumishi mwaminifu, na miezi kumi na minane hakuna Jumapili ambayo dada yake alimwangalia kwa jicho la kudai.

Mwezi wa Novemba 2002 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, ikaonekana ni figo, akalazwa Lilongwe tarehe 22 Aprili 2003. Jumapili, tarehe 4 Mei, alimshika Patient mkono akamwambia, "Siku ya kunizika musinisifu. Baambie juu ya chupa, wenye kuchoma sindano basikie. Lakini Sifa na Nibigira mubaambie kwanza." Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2003, saa kumi alasiri, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Jana asubuhi Patient alikwenda kwa Nibigira, ambaye alimfukuza, na ni haki yake, kisha akaenda kwa Sifa, akamweleza yote akiwa amepiga magoti. Sifa alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akafunga mlango. Leo yuko hapa, ameketi mkekani karibu na jeneza, na Patient anayesoma hajui alichokuja nacho moyoni, wala hathubutu kumshukuru. Ufunguo wa kanisa na wadhifa wa ushemasi vimerudishwa kwa wazee asubuhi ya leo, barua ya kukiri imeandikwa kwa wakubwa wa afya, na watoto wa marehemu wameamua kipimajoto cha mama yao kipewe atakayetunza chanjo kambini, kwa sharti moja, kwamba amweleze msaidizi wake kila sharti pamoja na sababu yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumwosha, majirani waliokesha nasi, hata wale waliomwita Mama Sumu, maana walidanganywa, vijana waliochimba kaburi, na kina mama wauza usipa wa Kawale waliofunga biashara wakaja, ambao tunawaambia zikomo, asante kwa lugha yao, kwa kumpa dada yetu mahali pa kuketi wakati sisi hatukumpa.

Ee Bwana, mpokee mjakazi wako Odette, umvue jina tulilomvika, uliweke juu ya kichwa cha mwenye nalo, uwakumbatie Maimouna na Jean-Pierre, uwafariji mama zao kwa namna unayoijua wewe. Na wewe, yaya, sahihi yako imesafishwa mbele ya watu wote, shusha mzigo, ulale katika amani ya Mungu. Amina.