Ubao wa Mlangoni kwa Abu Wagdi

Benchi letu liko Attarin, Iskandaria, mbele ya mkahawa, chini kabisa ya roshani ya Abu Wagdi. Jina lake kamili ni Fuad Abdel-Maqsud, karani mstaafu wa tramu, lakini sote humwita kwa jina la mwanawe mkubwa. Mkewe ni Inshirah. Nalijua jina hilo kwa kuwa nilikuwa shahidi wa ndoa yao. Kijiweni hatutaji mke wa mtu kwa jina, tunasema Umm Wagdi. Nuru ya macho ya mama huyo ilififia taratibu hata ikazimika. Majira haya ya baridi unyevu wa bahari uliziinua mbao za sakafu yao ya zamani, akajikwaa, akaumia mkono. Alasiri ile seremala Hosni alikuwa anakuja kuambiwa anunue mti gani, na Abu Wagdi, ambaye si mtu wa kuomba ushauri, akatuomba.

Tukamshauri mpaka kahawa ikapoa.

Bekhit, tunayemwita Nahodha ingawa hajapata kupanda chombo, alishikilia mwaloni.

— Mwaloni, Abu Wagdi. Hata tembo apite, husikii kitu.

— Tembo atapandaje ngazi zile? akauliza Girgis Tawadros, fundi saa, ambaye benchini ni Dakika.

— Wewe mwache apande. Mimi naongelea sakafu.

Dakika alitaka zani, ule mti mwekundu unaoshushwa bandarini kutoka Ulaya. Akaeleza kwamba mbao lazima zilale ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kupigiliwa, zizoee hewa yetu ya chumvi. Hapo alisema kweli. Iskandaria nzima inalijua hilo. Kisha akapitiliza: zilazwe chumba cha kulia chakula, zisikie ugomvi wa wenye nyumba, maana ubao usiozoea maneno ukigombezwa hujikunja. Nahodha akasema kulaza mbao ni kupoteza wakati, zipigiliwe zingali na maji yake.

— Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo ni ya kulea watoto, bwana. Ubao mbichi ukikauka utaacha nyufa za kupitisha paka.

— Na paka atakula panya. Huoni faida?

Abu Wagdi hakucheka.

— Mimi nataka ya kimya tu, ndugu zangu. Hii ya sasa inalia, na ubao wa mlangoni ndio mbaya kuliko yote. Nikirudi kutoka sala ya alfajiri namwamsha maskini wa Mungu.

Basi wakaanza kushindania kimya. Nahodha aliapa kwamba kule mji wa Rashid iko sakafu ya mwaloni ambayo mwizi aliishi juu yake na wenye nyumba mpaka Ramadhani, akajulikana alipokuja mezani kufuturu. Dakika akasema hiyo ni kelele. Yeye aliwahi kuitwa nyumba yenye sakafu ya zani akasimamishe saa ya ukutani, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa ikisikika. Mwishowe Nahodha mwenyewe akakubali: zani, ibanwe sawasawa, itandikiwe sufi chini, isitoe hata pumzi.

Hapo kikapu ambacho Umm Wagdi hununulia mkate kikateremka kutoka roshanini kwa kamba yake, kikasimama mbele ya nyuso zetu.

— Abu Wagdi.

Tukainua vichwa. Umm Wagdi hana desturi ya kuingia mazungumzo yetu.

— Nimewasikia. Mti wenu mzuri, Mungu awaweke. Ila ubao wa mlangoni ukishaondoka, nitajuaje kwamba umerudi?

Nahodha alitazama ndani ya kikombe chake. Alasiri nzima hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo.

— Alfajiri huniamshi, akaongeza kwa sauti ya chini. Huwa nausubiri.

Nahodha akautia ndani ya kikapu mkate aliojinunulia, na kikapu kikapanda.

Hosni alipofika, Abu Wagdi alikwisha simama.

— Zani, mwanangu, na zilale kwetu kwanza. Lakini ubao wa mlangoni usiutoe.

— Ule uliolegea? Hajji, watu watasema sijui kazi.

— Waambie mwenye nyumba ndiye hajui.

Hosni alijikuna kisogo, akatazama juu roshanini, kisha akatutazama sisi. Akasema atausawazisha na mwenzake ili mama asijikwae. Msumari unaoufanya ulie atauacha ulivyo.

Abu Wagdi akapanda ngazi. Mhudumu alikuja kuuliza kama tunaongeza kahawa, Dakika akamwashiria angoje. Tulisikiliza. Mlango ukafunguka huko juu, na ubao ukalia, mlio mrefu wa kizee. Kisha, kupitia roshani iliyoachwa wazi, nikasikia jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja tangu siku ya ndoa.

— Inshirah, ni mimi.

— Najua, akasema.