Hermani Bura, Mjukuu wa Gidamis Mhunzi wa Dirma

Padre, wazee wetu wa Mbulu na wa Hanang, wafanyakazi wenzake na marehemu, na ninyi nyote mliotoka mbali kuja kutushika mkono, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mwalimu Tomaso Bura, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, kazi ambayo wengi mnajua nimeifanya katika misiba mingi ya kijiji hiki, lakini karatasi ya leo imenitoa jasho kuliko zote, kwa sababu marehemu aliniachia sharti moja, na sharti hilo nimemkatalia kwa miaka kumi na miwili.

Marehemu Hermani Bura alizaliwa tarehe 14 Mei 1949 hapa Dongobesh, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Bura na Zita, akabatizwa tarehe 5 Juni mwaka huohuo. Mahali hapa ndipo nilipozoea kuandika kwamba Bura ni mtoto wa Akonaay, nikaweka nukta, nikaendelea na habari za shule, na sharti la marehemu lilikuwa kwamba nukta ile isiwekwe. Basi nasoma kama alivyotaka: baba yetu Bura alilelewa na mzee Akonaay, Mungu amrehemu, ambaye alimlisha, akampeleka kubatizwa na kumpa shamba, lakini alizaliwa na Gidamis, mhunzi wa Kibarbaig wa Dirma, aliyekuwa akipanda mlima kuja huku kwetu kila mwaka na majembe, mikuki na bangili za kubadilishana na mahindi, na mwaka wa njaa, 1929, alikuja na mwanawe mwenye umri wa miaka kumi na minne, akamwacha kwa Akonaay ili asife, akarudi uwandani peke yake. Naona baadhi yenu mnatazamana. Wazee mnajua kwa nini jambo hili lilifichwa, kwamba mhunzi anahitajika na kila mtu, lakini nyumba yake haioi wala haiolewi ila kwa wahunzi wenzake, jembe lake unalimia, binti yake unampita.

Marehemu alianza shule ya misheni Januari 1958, akaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane mwaka 1965. Hesabu alikuwa mkali na mwandiko wake ulikuwa mbaya, mimi nilikuwa kinyume chake, na mama alikuwa akisema kwamba angeweza kutuchanganya angepata mtoto mmoja mwenye akili timamu. Siku za Jumamosi alikuwa nyuma ya nyumba na baba, ambaye alijiita mkulima ingawa kila jembe bovu la kijiji lilipita mikononi mwake, na baba alimfundisha kufua chuma bila kumwambia kazi ile ilitoka wapi. Mwaka 1970 na 1971 alipata mafunzo ya ufundi Arusha, na tarehe 3 Februari 1973 aliajiriwa katika karakana ya shamba mojawapo la ngano la serikali, katika uwanda wa Basotu.

Ndugu waombolezaji, waliokuwepo miaka ile wanajua ninachosema, na ambao hawakuwepo siwezi kuwaeleza wakaelewa. Ngano ilianzia mlangoni ikaishia pale mlima Hanang unapoanza, king'ora kililia saa moja asubuhi, watu wakatoka makambini na ovaroli za buluu, na wakati wa mavuno kombaini zilipita zimefuatana, vumbi lake unaliona ukiwa bado njiani na lori. Nilikwenda kumtembelea kila likizo, nikala mkate uliotoka kwenye oveni aliyoichomelea mwenyewe kwa pipa la mafuta, na hadi leo hakuna mkate ulionipendeza kama ule. Hakuna plau ya kulimia wala haro ya kusawazishia udongo iliyomshinda kutengeneza, na mameneja walibadilika mmoja baada ya mwingine, lakini wote waliulizia kwanza kama Hermani yupo. Leo nikipita pale naona paa la karakana limeezuliwa, na ninaumia kama vile lilikuwa langu.

Tarehe 8 Novemba 1975 alifunga ndoa takatifu na Kornelia, ambaye yuko hapa mbele yetu, na Mungu akawajalia watoto wanne, Letisia, Patriki, Philomena na Sulle, pamoja na wajukuu saba. Shemeji Kornelia alimvumilia sana, maana kaka yangu alikuwa mtu wa kubeba vipande vya chuma hadi chumbani.

Mwezi Septemba 1984 alifika karakana mzee mmoja mfugaji, amevaa lubega, akiomba atengenezewe kisu kwa kipande cha diski ya plau iliyovunjika. Marehemu alikifua kipande kile kwa nyundo, na alipomaliza aligonga fuawe tupu mara mbili, taratibu, kabla ya kuweka nyundo chini, kama alivyofundishwa na baba, na sisi tulidhani ni mazoea ya baba tu. Yule mzee hakupokea kisu. Alimwuliza, "Wewe mtoto wa nani? Hii kugonga ya mwisho, ni nyumba moja tu inafanya, nyumba ya Gidamis wa Dirma. Wanaambia chuma asante." Marehemu alimjibu kwamba yeye ni Mwiraqw wa Dongobesh, mzee akacheka, akachukua kisu chake, akaondoka.

Krismasi ya mwaka huo marehemu alikuja nyumbani akamwuliza baba, nami nikiwepo. Baba alitoka kwenda kutazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote, na kesho yake baada ya misa alitueleza yote, akalia, ndiyo mara pekee niliyomwona baba akilia, kisha akatuomba tusiseme mpaka dada zetu wote waolewe. Baba alifariki tarehe 19 Machi 1991, kabla ya mdogo wetu Perpetua kuolewa, posa yake ikiwa imeletwa na wazee wa upande wa pili wameketi mstari wa mbele msibani. Kaka yangu alinisihi nimtaje Gidamis katika historia ya baba niliyokuwa niisome, akisema mtu hawezi kuzikwa na nusu ya jina lake. Alikuwa ameliandika kwa mkono wake katika karatasi yangu, na mimi nikalifuta. Baada ya hapo miaka mingi tulisalimiana kama watu wanaokutana mnadani.

Shamba lilipoanza kupungukiwa, marehemu alipunguzwa kazini tarehe 31 Desemba 1997, na badala ya kupumzika alichukua baiskeli na daftari, akaanza kuuliza habari za babu, Dirma nzima, kisha Balangdalalu, boma kwa boma, akifukuzwa na mbwa na kukaribishwa maziwa. Balangdalalu, Juni 1999, alimkuta Mzee Gwandu, mtoto wa mwisho wa Gidamis, ambaye alikuwa mgongoni mwa mama yake siku kaka yake Bura alipopelekwa mlimani. Mwaka uliofuata Mzee Gwandu alimpeleka uwandani kumwonyesha kaburi la Gidamis, lililokuwa limewekewa rundo la mawe, na walipofika palikuwa ngano tupu, hakuna jiwe. Marehemu aliitambua bloku ile ya shamba. Mwaka 1978, ilipolimwa mara ya kwanza, diski sita zilivunjika kwa mawe, naye alizichomelea siku nzima akiyalaani mawe yale, zikarudi shambani zikamalizia kazi.

Tangu Novemba 2002 alisumbuliwa na ini, akatibiwa Haydom kwa vipindi, nami nikaanza kwenda kumwona, kwanza kwa kuona haya, baadaye kwa kumkosa. Tarehe 20 Julai mwaka huu aliniambia, "Tomaso, kaburi la babu tulililima wenyewe, bila kujua. Jina lake tukililima, tutakuwa tunajua." Nilikwenda kwa Perpetua na mumewe, shemeji Hhando, kuwaomba ruhusa, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, na shemeji akanijibu kwamba ng'ombe wa mahari tulishawala na watoto watatu wameshazaliwa, sasa yeye arudishiwe nini, halafu akaniuliza kama huyo babu alikuwa fundi mzuri. Nilirudi hospitali nikamwambia kaka yangu kwamba nitasoma. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Agosti 2003, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Haydom waliomhudumia kwa upole, majirani mliochota maji na kupasua kuni tangu Jumatano, wafanyakazi wenzake mliochonga na kuchomelea msalaba huu bila kuombwa, na jumuiya ndogo ndogo kwa sala zenu. Wako tuliosahau kuwataja, tunaomba radhi.

Limebaki jambo moja, halimo katika karatasi. Mzee aliyeketi kule nje ya ua, karibu na zizi, amefika tangu jana kwa miguu kutoka barabarani, akaketi kule kwa sababu ndiko alikozoea kuketishwa, na mimi nimepita mbele yake mara tatu tangu asubuhi nikijifanya nina haraka. Huyo ndiye Mzee Gwandu, mdogo wa baba yetu. Vijana, chukueni kiti kimoja hapa mbele mkamlete, akae kati yangu na shemeji Kornelia, na tutakapofika kaburini ataweka udongo kabla ya mtu yeyote wa nyumba hii.

Baba mdogo, shikamoo. Nimechelewa.

Na wewe kaka, nimeisoma yote, sikufuta kitu. Pumzika kwa amani, Hermani wa Bura wa Gidamis.